Kabla Hujabonyeza Rekodi: Likizo ya Historia na Ngoma, Ruangwa na Nachingwea

Wanachuo wenzangu, safari hii ilianzia kwenye foleni ya wali maharage. Rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Bukoba, alikuwa anaperuzi simu akakutana na tangazo la likizo ya siku tisa nchini Ireland. Mgeni anapelekwa kwenye makasri ya zamani, anasimuliwa vita na njaa, jioni anakaa baa kusikiliza fidla, kisha anarudishwa kwao na picha zake. Bei ilikuwa ya mamilioni. Yule wa Bukoba akacheka: "Yaani watu wanalipa hela yote hiyo kwenda kusikiliza hadithi?"

Rafiki yetu mwingine, wa Moshi, akaongeza chumvi: "Wewe si unatoka kusini? Huko kwenu mtalii ataenda kuona nini, mikorosho?"

Mimi kwetu ni Matambarale, Wilaya ya Ruangwa, na ndugu zangu wengine wako upande wa Nachingwea. Sikuwa na jibu la haraka, na hilo ndilo lililoniuma. Kwa hiyo Septemba, TP ilipoisha na chuo bado hakijafunguliwa, kila mmoja wetu alitoa laki moja na nusu, tukaenda. Makala hii inaeleza tulichokiona na namna wewe unavyoweza kufanya safari kama hiyo kwenu. Inaeleza pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mwenyeji, ambalo karibu liharibu kila kitu. Naliandika ili wewe usilirudie.

Watu wanafuata nini Ireland?

Tuanze na hiyo Ireland, maana inatusaidia kuelewa. Ile si nchi ya kwenda kuona simba. Mlima wao mrefu kuliko yote una mita 1,038 tu, na mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Wanachouza ni kumbukumbu. Posta Kuu ya jiji la Dublin ndipo waasi walipojikita mwezi Aprili 1916 na kutangaza kwamba nchi yao ni jamhuri huru, si mali ya Uingereza. Jengo bado ni posta mpaka leo, na humohumo kuna maonyesho ya historia hiyo. Ukienda vijijini utasimuliwa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, ugonjwa ulipoozesha viazi. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wapatao milioni moja wakahama. Watalii wengi kutoka Marekani ni vitukuu vya hao waliohama, wanarudi kutafuta walikotoka.

Muziki nao una utaratibu wake. Wapigaji wa fidla, filimbi na bodhrán, ambayo ni ngoma ya duara iliyowambwa kwa ngozi ya mbuzi, hukaa baa wakizunguka meza na kutazamana wao kwa wao. Wewe mgeni unasikiliza pembeni. Ukitaka kujiunga unaomba kwanza. Kumbuka hilo la kuomba, nitalirudia.

Sasa jiulize: mahali ambapo watu walisimama kupinga wakoloni, njaa kubwa, ngoma ya ngozi ya mbuzi, lugha ya wazee inayohitaji kulindwa. Ni kipi hapo ambacho kusini mwetu hakipo?

Njiani: barabara yenye makaburi mengi kuliko vibao

Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Zamani safari ya kusini ilikuwa adhabu, kwa sababu Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko na masika yakikukuta unalala njiani. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 mambo yakabadilika. Tulipolipita yule wa Moshi alikuwa amelala. Nikamwamsha, nikamwambia kuanzia hapa kila jina la mahali lina habari yake.

Upande wa kulia, ndani kabisa, kuna milima ya Wamatumbi. Huko Nandete, mwezi Julai 1905, wananchi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti. Lakini vita vilikuwa vimeshasambaa. Katika mwezi huohuo vilifika kwa Wamwera, yaani kwetu, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa moto. Ukitoka Lindi kuelekea Masasi utapita Nyangao penyewe, basi linasimama kidogo watu wanunue maji na korosho.

Vita viliisha mwaka 1907. Serikali ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, na wengi waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Hapo yule wa Bukoba akaniuliza, sasa hayo yote yalijulikanaje kama Mjerumani ndiye aliyeandika?

Jibu lake linatuhusu sana sisi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vijana wa umri wetu, walitumwa kwenye maeneo ya vita kuwahoji wazee waliokuwa bado hai. Hawakuwa na simu janja. Walikuwa na daftari, lugha ya nyumbani na adabu ya kukaa chini. Ushuhuda waliokusanya ndio unaotumiwa mpaka leo na kila anayeandika juu ya Majimaji. Kwa hiyo mwanachuo kwenda kijijini kuuliza wazee si jambo geni. Ni kazi ambayo waliotutangulia waliifanya vizuri, na sisi tumeiacha.

Kabla ya kuacha habari za Lindi, lazima niitaje Tendaguru, ingawa hatukufika. Ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200. Hapakuwa na gari wala reli. Wapagazi waliibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na mpaka leo watu wanakata tiketi kumwona. Majina ya wataalamu wa Kijerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, yako vitabuni. Kwa upande wetu limebaki hasa jina la msimamizi Boheti bin Amrani. Wale mamia waliochimba na kubeba, wakiwemo Wamwera, ni nadra kuwakuta wametajwa.

Nilizisimulia habari hizi kwa hasira kidogo, najiona mzalendo. Siku iliyofuata nilikuja kufanya jambo linalofanana na hilo.

Nachingwea: karanga, treni na wapigania uhuru

Kwa Nanganga tuliiacha barabara kuu, tukaingia ya Ruangwa, na jua likizama tulikuwa Matambarale. Bibi alitupokea kwa ugali wa muhogo na mboga ya mbaazi. Yule wa Bukoba aliposema "Shikamoo bibi", akajibiwa, "Marahaba mume wangu, mbona umechelewa hivyo?" Kijana wa watu akababaika. Huo ndio utani wa bibi na wajukuu. Ukitaniwa ujue umepokelewa.

Kesho yake tulikwenda Nachingwea na babu, kaka yake bibi. Kwetu Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo kaka wa bibi au wa mama ana neno kubwa kuliko hata baba. Ukitaka kufanya lolote kijijini, unaanza na mjomba. Tulifanya hivyo, na ndiyo maana tulipata mtu wa kututembeza bure anayekumbuka treni.

Ndiyo, treni. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Mradi ulianza mwaka 1947 katika sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, bandari mpya ikaanzishwa Mtwara. Lakini msitu ulivunja mashine, mvua haikufuata ratiba ya London, na jaribio dogo la kujifunza kwanza halikufanywa ipasavyo. Januari 1951 mradi ulizikwa, umewagharimu walipakodi wa Uingereza pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Babu alikuwa mtoto. Anasema walikuwa wakisikia honi wanakimbia kwenda kupungia mikono watu wasiowajua.

"Sasa babu," yule wa Moshi akauliza, "mnajisikiaje, reli ilikuwepo halafu ikaondoka?"

"Mjukuu wangu, kwani ilikuja kwa ajili yetu?"

Mradi ulipokufa mashamba yalibaki na namba zake. Mojawapo ni Farm 17, jina ambalo mpaka leo linabebwa na shule ya sekondari. Hapo, miaka ya 1960, Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Msumbiji mahali pa kufanyia mazoezi. FRELIMO ilikuwa imeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964. Kambi ya Nachingwea ikawa moyo wa jeshi lao, na Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, ni mmoja wa waliofunza askari hapo. Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma kutoka upande wetu, akasafiri nchi nzima mpaka Maputo. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Fikiria hiyo: shamba la karanga lililowashinda wakoloni wa Kiingereza ndilo lililoandaa jeshi lililowashinda wakoloni wa Kireno. Ingekuwa Dublin, pangekuwa na tiketi, kahawa na fulana za kuuza. Sisi tulipatazama, tukamsikiliza babu anavyokumbuka malori yaliyopita usiku na onyo walilopewa watoto: usihesabu, usiulize. Walijua, na hawakusema. Wilaya nzima ilitunza siri kwa miaka kumi. Niliisifu sana siri hiyo. Hamtaamini nilichokifanya usiku wake.

Usiku nilipoharibu

Septemba ni wakati wa jando na unyago kwetu. Mavuno yameingia, ufuta umeuzwa, kwenye mikorosho watu wanamalizia kupuliza salfa. Nyumba ya jirani walikuwa na wali wao, na usiku huo kulikuwa na ngoma ya wanawake ndani ya uzio.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Unyago una sehemu mbili. Kuna ya wazi: siku wali wanapotolewa wakiwa wamepambwa kanga mpya, ngoma inapigwa uwanjani, watu wote wanatazama na kutunza. Hata mgeni anakaribishwa na wali wa kuku anakula. Na kuna ya ndani, ambayo ni darasa. Kungwi anafundisha kwa nyimbo za mafumbo, kwa michezo na kwa vifaa. Anayeingia ni aliyepitia mwenyewe. Mimi nilipitia. Rafiki yangu wa Moshi hakupitia, akabaki nyumbani, na yule wa Bukoba ndiyo kabisa, bibi alimwonya asisogelee uzio huo hata kwa bahati mbaya.

Sasa mimi nasoma ualimu. Mwaka wa tatu tunatakiwa kuandika utafiti, na nilishajichagulia mada: mbinu za kufundishia za jadi. Mle ndani niliona kila kitu tunachosomeshwa kwenye kozi za ufundishaji. Mwanafunzi anashirikishwa. Somo gumu linagawanywa vipande. Fumbo linatangulia, maana inafuata. Asiyeelewa anarudiwa bila kuchekwa. Nikasema moyoni, hii ikipotea tumekwisha, lazima nihifadhi. Nikaiwasha simu nikarekodi sauti, nikaificha ndani ya kitenge.

Ikaita. Yule wa Moshi alikuwa ananipigia kuuliza chumvi iko wapi.

Mwanga ulionekana kwenye nguo. Msondo ukanyamaza kwanza, halafu ngoma ndogo, halafu sauti za watu. Kungwi hakupiga kelele. Aliniambia nitoe simu, nifute kile nilichochukua mbele ya wote, halafu niende nyumbani. Nilifuta. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikafuta mpaka picha za TP. Bibi yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele na wakubwa wenzake. Hakuinua uso.

Asubuhi nilipomsalimia aliitikia marahaba nusunusu. Baadaye akaniambia jambo moja tu: "Wale wageni hawakukosea. Umekosea wewe unayejua."

Mjomba alikwenda kuniombea. Faini ikawa kuku na doti ya kanga, na mimi mwenyewe kwenda kuomba radhi. Nilitoa vyote, nikapiga magoti mbele ya yule mama ambaye usiku wake nilimwita, kichwani mwangu, "chanzo cha data".

Alichonieleza kungwi

Nilitarajia kusemwa. Badala yake alinieleza kama mwalimu anavyomweleza mwalimu. Alisema nyimbo hazifichwi kwa sababu zina aibu. Zinafichwa kwa sababu kila moja ina siku yake na mtu wake. Mtoto akiusikia kabla ya wakati, au mwanamume akiupiga kwenye simu kijiweni watu wacheke, siku ya kumfundishia mwali wimbo huo hauna nguvu tena. "Wewe ukiwapa wanafunzi wako majibu kabla ya mtihani, unawasaidia?"

Nilijaribu kujitetea kidogo. Nikamwambia mbona Bi Kidude wa Zanzibar alipiga ngoma ya unyago jukwaani, mpaka Ulaya, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX? Alimjua. Akasema Bi Kidude alikuwa somo wa unyago mwenyewe, amefunda wali kwa miaka mingi. Alijua kipi cha kutoka nje na kipi cha kubaki, na uamuzi ulikuwa wake. Hakuna aliyejificha na kifaa kwenye kanga yake.

Hapo nilinyamaza. Pia kuna historia ndani yake, kwa sababu ngoma hizo za unyago wa pwani na visiwani zina asili ya huku bara kusini. Karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipita nchi hizi kwenda Kilwa Kivinje, na wengi walivushwa mpaka Unguja. Walinyang'anywa kila kitu, lakini walichokificha kichwani kilifika salama. Kwa hiyo si kweli nilivyofikiri kwamba jambo lisiporekodiwa limekwisha. Lilivuka bahari bila kinasa sauti. Kinacholifisha ni kukosa mtu wa kurithishwa.

Kisha akatuonyesha kilicho wazi, sisi watatu wote. Jinsi ngozi inavyoanikwa karibu na moto wa nyasi mpaka ikaze na sauti ipande. Jinsi msondo mrefu unavyobeba mdundo mzito na ngoma ndogo zinavyojibizana juu yake. Yule wa Bukoba alijaribu kupiga, wamama wakacheka mpaka wakakaa chini, mmoja akamwambia anapiga kama anatwanga muhogo uliooza. Picha za hapo tulipiga, kwa ruhusa, na tumewarudishia zilizochapishwa.

Tulipoaga, kungwi akaniita pembeni. Akauliza kama nina daftari. Akasema yeye hajui kuandika, lakini anajua waliopiga ngoma hiyo kabla yake: aliyemfundisha, aliyemfundisha huyo, na wengine waliotoka kijiji hiki na vya jirani. Wote wamekufa na hakuna mahali majina yao yapo. "Hizo nyimbo niachie. Niandikie majina."

Tulikaa mpaka jua likazama. Majina 14. Baadhi ana jina moja tu, baadhi ana jina na ya mama yake. Nikawakumbuka wale wapagazi wa Tendaguru, na hasira niliyokuwa nayo ndani ya basi. Nilikuwa tayari kubeba wimbo mpaka chuoni, na sikuwa nimefikiria kumuuliza mwenye wimbo yeye anataka nini kihifadhiwe.

Ukitaka kufanya safari hii kwenu

Haya ndiyo niliyojifunza, nayaweka wazi kwa yeyote anayetaka kutumia likizo hivyo, iwe Ruangwa, Rombo au Karagwe.

Kwanza, soma kabla ya kwenda. Maktaba yetu ina vitabu vya Majimaji na vya ukombozi. Ukienda na tarehe kichwani, mzee akikuambia "ule mwaka wa malori" utajua anasema nini. Usipojua, utamchosha.

Pili, pitia kwa wenyewe. Nyumbani ni mjomba au mkubwa wa ukoo, na kijijini ni mwenyekiti na mtendaji. Mkienda kundi la vijana na simu zilizoinuliwa bila kujitambulisha, mtaonekana matapeli au watu wa ardhi. Upande wetu siku hizi kuna uchimbaji wa kinywe, yale madini yanayotumika kwenye penseli na kwenye betri za simu, kwa hiyo mgeni mwenye daftari anaulizwa haraka sana amekuja kupima shamba la nani.

Tatu, uliza kipi kiko wazi na kipi kimefungwa, na uulize kabla, si katikati ya ngoma. Kilichofungwa, zima simu. Nimesema izime, usiifiche.

Nne, bajeti yenu iwe na fungu la wenyeji. Sisi tulipanga nauli, chakula na bodaboda, tukasahau kabisa kwamba anayepiga ngoma saa tatu anafanya kazi. Mtunze. Mzee anayeacha shamba lake kukutembeza siku nzima, mnunulie sukari na sabuni hata kama ni babu yako. Tukila bumu lote kwenye chipsi halafu tukafika kijijini tunaomba kila kitu bure, tofauti yetu na wale wa reli ni ndogo.

Tano, rudisha. Picha, maandishi, chochote ulichopewa ruhusa kuchukua, nakala moja irudi kijijini. Ukiandika utafiti, mwenye maarifa asomewe kwanza.

Mada yangu ya utafiti

Nimeibadilisha. Bado inahusu mbinu za jadi, lakini nitatumia mambo ya siku ya wazi tu, na mahojiano niliyoruhusiwa. Msimamizi wangu ameniambia data zitakuwa chache. Nimekubali. Nitakapokuwa mwalimu wa historia, kipindi cha Majimaji hakitaanza na kitabu. Kitaanza na kazi ya nyumbani: muulize mkubwa wa ukoo wako jina la mtu wa kwenu aliyeishi wakati ule, na uniletee jina hilo tu.

Yule wa Moshi naye kabadilika kidogo. Juzi nimemkuta anampigia bibi yake simu, anamuuliza habari za mifereji ya maji ya Wachaga. Nilimsikia akisema, "Hapana bibi, sirekodi, naandika."

Orodha ya majina niliichapa stesheni moja hapa nje ya geti, nakala mbili, nikazifunga ndani ya karatasi ngumu ili zisiloe. Moja nilimtumia kungwi na nyingine bibi, kwa konda wa basi la Ruangwa. Wiki iliyofuata bibi alinipigia. Aliitikia shikamoo yangu yote, kwa mara ya kwanza tangu usiku ule. Akasema mjukuu wa kungwi alimsomea orodha mara tatu, na kungwi ametuma ujumbe: kuna mmoja nimemsahau, aliolewa Nachingwea, alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto. Jina lake analikumbuka la mama yake tu.

Nimeliandika hilo. Sasa wako 15.